Fundi Kasian, Mtu Aliyeshuku Kila Kiungo cha Bomba

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhangaika na mabomba ya hosteli yetu hapa Mikumi, Fundi Kasian Ulimboka anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Nimeombwa mimi niandike wasifu wake kwa sababu ndimi mtunza stoo niliyemtolea vifaa muda wote huo, yaani mtu aliyeshukiwa kuliko wote. Najua atausoma akitafuta mahali unapovuja.

Ni mzaliwa wa Lumuma. Alisoma shule ya misheni, kisha akajifunza ufundi Kilosa mjini kwa mafundi waliotunza nyumba za wafanyakazi wa reli. Kwetu alifika na spana ya bomba na tabia ya kutomwamini mtu. Koki mpya ikiingia stoo, aliikwaruza kwa kisu aone kama ni shaba kweli au ni rangi tu, huku akinitazama mimi usoni. Ukimwamkia shikamoo kwa sauti laini kupita kiasi, aliitikia marahaba kisha akauliza umevunja bomba gani. Mara nyingi bomba lilikuwapo.

Alikuwa na desturi yake. Kabla ukuta haujafunikwa kwa vigae, alitandaza sembe kavu kwenye ubao chini ya viungo vipya, akafunga mlango mpaka kesho yake. Tone likianguka, unga ungeonyesha. Wapishi walinung'unika, lakini ukuta alioupitisha Kasian hatukuwahi kuubomoa.

Mwaka huu aliletewa Yusrah Mudathir, fundi kutoka Kilosa, awe kwenye majaribio na hatimaye ashike nafasi yake. Yusrah analea watoto wawili peke yake na aliihitaji kazi hii. Alikuja na mashine ya kuchomea mabomba ya plastiki, na mzee akaitazama mashine ile kama mtu anavyomtazama mgeni asiyetaja kwao.

Koki ya bomba la mvua katika chumba cha nane ilipokufa, mabishano yakaanza. Yusrah alitaka kuchomea, maana plastiki ikishayeyuka na kushikana inakuwa kipande kimoja. Kasian alitaka chuma, katani ya kuzungushia meno ya bomba ili maji yasipite, na yunioni, kiungo kinachofunguka kwa spana. Kiungo cha kuchomea, alisema, ni ndoa isiyo na talaka. Yusrah akamjibu kwa adabu kwamba ndoa nyingine hazihitaji talaka. Meneja Urbanus akakata shauri: upande wa koki Yusrah achomee, na pale plastiki inapokutana na chuma cha zamani, Kasian afunge kwa katani. Wakafanya kazi bega kwa bega, mzee akichungulia mikono ya mwenzake kila mara.

Kesho yake asubuhi, sembe ilikuwa imeshikana bonge. Viungo viwili vile viko karibu mno, na hakuna aliyejiuliza ni kipi kilichovuja. Meneja alimwambia Yusrah arudishe vifaa stoo, na kwamba majaribio yake yameishia hapo. Yusrah alianza kukunja waya wa mashine. Niliumia kumwona vile.

Kasian hakuonekana kufurahi. Alifuta viungo vyote kwa kitambaa, akafungua maji, akazungushia kila kimoja kipande cha gazeti kikavu. Alisubiri, akavua vipande vile na kuvitazama muda mrefu, akiwa ametugeuzia mgongo. Angeweza kuvikunjakunja mkononi, na nani angejua?

"Meneja, mwache Yusrah," akasema. "Kinachovuja ni changu."

Alipokifungua, tuliona katani ameizungusha kinyume cha mzunguko wa meno ya bomba, kosa ambalo kwa mwanafunzi wake angelipigia kelele wiki nzima. Macho yake yalikuwa kwenye kazi ya Yusrah, mikono ikajiendea. Akamwomba Yusrah akifunge upya yeye mwenyewe, naye akamshikia taa. Yusrah amethibitishwa kazini, na barua ya kumpendekeza aliileta Kasian kwa mkono wake.

Niliposikia juzi kwamba amemwita Yusrah kule Lumuma abadilishe koki ya bafu katika nyumba atakayostaafia, nilihisi kuna mtego, nikamhoji Yusrah aliporudi. Anasema mzee alimwonyesha ukuta, akaenda zake kumwagilia vitunguu, akarudi jioni vigae vikiwa vimeshabandikwa, bila sembe kutandazwa.

Fundi Kasian, asante kwa kuta zetu kavu. Mungu akujalie afya, mavuno na uzee mtulivu. Tunajua utakuwa salama, kwa maana Yusrah anatuambia hukumuuliza hata ametumia kiungo gani.