Zamu ya Idd ya Bi Shekha

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, Daktari Msimamizi wa hospitali yetu, Sheikh Abdillahi, Padre Thuku, ndugu wageni waalikwa mliotoka Mambrui, Ngomeni na Vitengeni, wauguzi wenzangu, na wewe Bi Shekha Badi, uliyeketishwa kiti cha mbele kwa nguvu: shikamooni wakubwa, na wengine, hamjambo?

Jina langu ni Kahonzi Kambi, muuguzi wa wodi ya wazazi. Nimepewa dakika kumi. Leo ni siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, nusu ya mlioketi hapa mna saumu, na sambusa ziko nyuma ya pazia lile zikinukia. Najua adhana ya magharibi haitaningoja, wala ninyi hamtaningoja.

Tumekusanyika kumuaga Bi Shekha, anayestaafu mwisho wa mwezi huu wa Mei, baada ya kuiongoza wodi yetu miaka ishirini na saba. Wenzangu wamekwisha kuwataja watoto aliowapokea, na kwa hesabu zao nusu ya Malindi imepita mikononi mwake. Mimi nitasema juu ya karatasi moja tu, iliyotundikwa kwa msumari mlangoni mwa wodi: orodha ya zamu.

Ninyi mnaofanya kazi ofisini mna bahati. Sikukuu ikifika mnafunga mlango. Lakini ni nani kati yenu amepata kusikia mtoto aliyeahirisha kuzaliwa kwa sababu ni Krismasi? Wodi haifungwi, na waliomo wana sikukuu za kila namna. Muuguzi mwenzangu Kaltuma ana Idd mbili na Maulidi. Mimi nina Krismasi na Pasaka. Bwana Pandya wa maabara ana Diwali, na siku hiyo huomba tu atoke mapema akawashe taa nyumbani kwake. Kesho yake hutuletea ladu, vitamutamu vya Kihindi vyenye samli nyingi hata vyeti vya wagonjwa vinang'aa. Na Mzee Kazungu, mfagiaji wetu, asiye wa msikiti wala wa kanisa, ana jumwa, siku ya mapumziko ya Wagiriama, ambayo hurudi kila siku ya nne. Alipoajiriwa alimweleza Bi Shekha kwamba siku ya jumwa hashiki jembe. Bi Shekha akamjibu kwamba amesikia, na kwamba ufagio si jembe. Hata hivyo, Mzee Kazungu alipoitwa nyumbani kuwatolea sadaka wazee waliotangulia, wodi ilifagiliwa, na aliyeifagia ni Bi Shekha mwenyewe.

Kuzipanga sikukuu hizi zote katika karatasi moja si kazi ya mtu mwenye haraka. Mwaka wa 1984 nilipewa mimi. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, najiona mjuzi. Nikatazama kalenda ya ukutani, nikaikuta Idd imechapishwa kwa rangi nyekundu, nikawapa Waislamu wote mapumziko siku hiyo. Kisha, kwa kuwa napenda haki, nikawapanga wote kazini kesho yake.

Mwezi haukuandama. Siku yao ya mapumziko wakaishinda nyumbani na saumu, na siku ya Idd yenyewe wakaja kazini na hina mikononi, nyuso wamezikunja. Kaltuma akaniuliza, kwa upole ule unaouma, kama siku hizi miezi inachapwa Nairobi.

Mimi ni mtu ambaye kosa likimwingia halitoki upesi. Bi Shekha hakunikaripia. Aliwarudisha wote nyumbani wakasherehekee, akafunga aproni, akaniambia: "Mwanangu, tumebaki wawili. Utanawa mikono, au utalia kwanza?"

Nikanawa. Watoto saba walizaliwa siku ile.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba alikosa Idd yake kwa ajili yangu, na jambo hilo lilinikosesha raha. Ndipo nikazipekua orodha za zamani, nikaona kwamba sikustahili hata sifa hiyo. Kila Idd, mwaka baada ya mwaka, jina ni lile lile: Shekha Badi. Wenye watoto wadogo waende nyumbani, alikuwa akisema, na mmoja anayeijua kazi abaki. Mmoja huyo alikuwa yeye daima. Tulizila sikukuu zetu, na hakuna aliyeuliza zimetoka kwa nani.

Idd ya mwaka jana alinituma Mambrui nimpelekee mama yake, Bi Fatu, doti ya leso. Bi Fatu amevuka miaka themanini na macho yake yamefifia. Nilimkuta ameketi mkekani mbele ya sahani mbili, moja imefunikwa kawa. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akatambua kwamba si mwanawe. Akanifunulia ile sahani, akaniamuru nile. Nikala pilau ya mtu mwingine, tena nikaimaliza, kwa sababu alikuwa akisikiliza. Nilipoaga aliniambia: "Mwambie Shekha, serikali imekula Idd zangu miaka ishirini na sita. Sina nyingine ya kuipa."

Ujumbe ule sikuufikisha. Niliogopa. Bi Shekha, umeusikia leo, nami naomba radhi kwa kuuchelewesha mwaka mzima.

Sasa, mabibi na mabwana, asubuhi ya leo nilipita mlangoni mwa wodi. Mnadhani niliona jina la nani kwenye zamu ya kesho, na ya keshokutwa, ili mwezi usimkwepe? Nikamfuata, nikamwomba anipe mimi siku hizo. Akauliza mzazi akipata taabu ni nani atakayejua la kufanya. Nikamwambia kwamba aliyenifunza ni yeye, na kama sijui, basi hana ruhusa ya kustaafu. Akacheka, kisha akanifukuza.

Ndiyo sababu nimekuja mbele ya mashahidi. Daktari ameshatia sahihi: kesho na keshokutwa wodi ni ya Sista Mbeyu na mimi. Dereva wetu, Bwana Stambuli, ana gari nje, na tukishafuturu litakwenda Mambrui. Sitawadanganya kwamba siogopi. Naogopa tangu asubuhi. Lakini hata yeye, Idd yake ya kwanza katika wodi ile, bila shaka aliogopa, na watoto wakazaliwa vivyo hivyo.

Naona unatikisa kichwa, Bi Shekha. Tikisa. Sheikh anakuona, na Padre pia.

Mheshimiwa, wakubwa zangu, ndugu zangu, asanteni kwa kunivumilia, hasa mlionivumilia kwa tumbo tupu. Kwa watakaosherehekea kesho, Idd njema; kwa watakaongoja keshokutwa, saumu njema. Na wewe Bi Shekha, mwezi uandame usiandame, nenda leo. Mama anakungoja.