Mama Nyabuay na Kikombe Kimoja

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti ya redio, na majirani waiteni! Leo tunamkumbuka Mama Nyabuay Gatluak, mzee wa kanisa wa kando ya mto Sobat. Ametutoka wiki hii. Ni msiba, najua. Lakini habari za mama huyu, kila nikizisimulia, kiti hakikaliki.

Enzi za vita vya makabila, Nyabuay, Mnueri, aliuliwa mumewe. Aliyemuua ni kaka wa mwanamke aitwaye Akuot, Mdinka wa ng'ambo ya mto. Na mnajua wenyewe: watu wakishakuwa na damu kati yao, hawanywi chombo kimoja. Anayethubutu anakufa. Ndivyo tulivyolelewa.

Makanisa ya ng'ambo zote mbili yakaita watu wapatane. Vijana waliacha bunduki mlangoni, macho yao yakabaki huko huko mlangoni. Ngoma zikalia, nyimbo zikaimbwa, hata maadui wakapokezana kiitikio! Kisha ikafika meza ya Bwana. Kikombe kimoja, wasikilizaji. Kikombe kimoja cha karkade, kile kinywaji chekundu cha maua tunachotumia badala ya divai, kwa watu wenye damu kati yao!

Mchungaji amekishika, anakinyoosha huku na huku, hakuna anayekipokea. Kama hakuna wa kunywa, hakuna amani, na jioni hiyo vijiji vitachomwa tena. Vijana wakaanza kunyanyuka.

Akuot akakichukua, akanywa. Akamgeukia Nyabuay, akamwita kwa jina la bintiye. "Mama Nyachan, mimi nimeshakunywa. Ndiyo unaniacha nife peke yangu?"

Nyabuay alimwona muuaji wa mumewe katika uso wa mwanamke yule. Alimchukia, na hakuficha. Lakini aliwaona pia wanawe, wamekaribia umri wa kubeba bunduki.

"Lete," akasema. "Nikifa, utanizika wewe."

Akanywa mpaka tone la mwisho! Mchungaji ikabidi atafute karkade nyingine, maana foleni ilishafika nje.

Binti yake, Nyachan, anasema kulipokucha mama yake alijipapasa mashavu, akacheka, akakimbilia mtoni bila viatu. Akapaza sauti: "Akuot, hujafa?"

Kutoka ng'ambo likaja jibu: "Bado. Wewe je?"

"Bado."

Basi ikawa ndiyo salamu yao. Kanisani, sokoni, harusini: hujafa? Bado. Vita vilirudi mara nyingine kwingineko, lakini vijiji vile viwili havikuchomana tena.

Juzi Akuot alivushwa mto, amezeeka, anashikwa mkono. Wanueri wakampisha. Akatupa udongo wa kwanza, kama alivyoagizwa. Kisha akainama kaburini.

"Mama Nyachan, hujafa?"

Akangoja. Watu wote wakangoja naye.

"Haya," akasema. "Mimi bado."

Nyachan na ndugu zako, Mungu awafute machozi. Mama Akuot, pole sana, mama yetu. Nawe unayenisikiliza, yupo mtu usiyeweza kunywa naye chombo kimoja. Unamjua. Leo, mkiwa bado hai wote wawili, mpelekee maji, uanze kunywa wewe.