Kishindo cha Kwenye Kona

Basi lilikuwa linapandisha bonde pale vijana wa baiskeli walipotupita wakiteremka kando ya mto. Mzee aliyekaa mbele yangu aliwasindikiza kwa macho.

"Nilishindana kwa baiskeli kwenye barabara hii, mwanangu," alimwambia mama aliyeketi naye, ingawa hawakujuana. "Milima ilikuwa na theluji hadi mabegani mwake. Naongoza, mdogo wangu nyuma yangu. Kwenye kona nikasikia kishindo, nikageuza. Nikamkuta kavunjika mguu. Wengine wote wakapita."

"Watu wa kumsaidia si walikuwepo, mzee wangu? Mimi ningemaliza mashindano kwanza."

"Ungemwacha ndugu yako wa tumbo moja?"

"Huyo huyo. Angefurahi."

Mzee alicheka, ila si kicheko cha furaha. "Hata yeye husema hivyo. Mpaka leo ananilaumu, eti niliutupa ushindi wetu. Lakini siku ile alinikumbatia shingoni akilia, 'Kaka, usiniache.' Amesahau. Mimi bado nazisikia zile pumzi zake."

Mama aliinuka. Nikadhani ameshindwa, kumbe simjui.

"Pole, mzee wangu," alisema, akimteremshia mkoba wake, kwani basi lilikuwa limesimama pale anaposhukia mzee. "Lakini ungemaliza kwanza."