Kahawa Imeshalipiwa

Ijumaa moja ya Julai 2018, baada ya sala, jua la baridi lilikuwa limefika kwenye benchi la nje ya mlango wa Ummi, Mayfair, na wenye benchi wakalifuata. Ummi ni mama wa Barawa. Anapika kahawa ya tangawizi, na watu wa benchi hawamlipi kwa kikombe, wanamlipa kwa birika. Benchi lina sheria moja: anayelipia birika hafungui mdomo mpaka liishe. Sheria hiyo ilianza enzi za muuza matairi aliyekuwa akiwanywesha wote kila siku. Haikupita muda, benchi zima likakubaliana kwamba tairi kuukuu lina nguvu kuliko jipya. Moja likapasuka njia ya Pretoria. Tangu hapo mwenye kulipa ananyamaza. Siku hiyo aliyenyamaza alikuwa Pitchou, fundi cherehani, jina la benchi Sindano, kwa hiyo hakuna aliyeuliza nani kalipa. Waliokuwa wakiongea ni watatu: Othmani wa Tanga, fundi simu aliyewahi kusoma sheria kwa posta, naye huitwa Wakili; Pacifique wa Bukavu, mwenye kanisa la viti vya plastiki kule Rosettenville, naye huitwa Askofu; na Zamu. Zamu ni Octave, mlinzi wa geti kwenye jengo la umma Doornfontein, anayestaafu mwisho wa mwezi. Alikuwa amevaa koti jipya la bluu na simu iko mkononi.

Zamu: Kura inafungwa saa kumi. Nisaidieni.

Wakili: Kura ya nini, mzee wangu? Nchi hii sisi hatupigi hata kura ya kumchagua mwenyekiti wa choo.

Zamu: Ya bodi ya pensheni. Mfuko wetu sisi walinzi wa majengo ya umma. Tunachagua mtu mmoja akae mezani na wakubwa. Unapiga kwa simu. Moja ni Égide, mbili ni Annick.

Askofu: Lakini mzee, pensheni yako si imekwama, vieux?

Zamu: Imekwama. Kibali changu cha ukimbizi kimeisha muda, na ofisi ya vibali kila nikienda wanasema rudi. Mfuko nao wanasema bila kibali hawalipi. Miaka yote wanakata mshahara wangu, siku ya kukata hawajawahi kuuliza kibali.

Askofu: Eish.

Zamu: Égide amesema akiingia, wakimbizi watalipwa. Alisimama mbele ya watu, akasema.

Wakili: Na huyo Annick?

Zamu: Annick alikuja getini kwa miguu. Akaniambia, papa Octave, siwezi kukuahidi kitu. Nitakuwa sauti moja kati ya nyingi. Nitauliza habari yenu kila mkutano mpaka wanichoke.

Askofu: Ule mama hajui siasa. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Wakili: Hiyo inahusu nini hapa?

Askofu: Inahusu kurejea. Si anataka kurejea kila mkutano?

Wakili: Wewe hata tezi hujawahi kuiona. Mzee Zamu, hilo koti umelitoa wapi?

Zamu: La Égide. Aligawia walinzi wote. Baridi ya getini unaijua.

Wakili: Hapo sasa. Mwaka huu mfuko umeweka kanuni mpya. Kila mgombea ataje nani anamlipia kampeni. Na ni marufuku kupokea hela ya kampuni yoyote inayofanya biashara na mfuko. Nimezisoma kwenye simu yako nilipobadilisha kioo.

Zamu: Ulisoma simu yangu?

Wakili: Nilikuwa napima kioo. Annick ametaja dada yake na kwaya ya kanisani kwao. Égide ameandika, marafiki wa walinzi.

Zamu: Marafiki gani? Mimi ni mlinzi, sijawahi kuwa na rafiki wa kunipa koti.

Askofu: Na asipowataja kwa majina?

Wakili: Jina lake linabandikwa ubaoni.

Askofu: Lini?

Wakili: Baada ya uchaguzi.

Zamu: Ule ubao naujua. Nililinda jengo lile. Uko ghorofa ya juu kabisa, na lifti yake ni ya kadi. Walinzi hatukupewa kadi.

Ummi alipita akamimina. Sindano alipokea kikombe chake, akakishika bila kunywa, mkono mwingine shavuni.

Askofu: Mimi minakuambia ile marafiki ni nani. Kuna kampuni inashika pesa yenu na kuizungusha. Kila ikizunguka, wanakata kidogo. Wanataka mezani mtu asiyeuliza. Wananunua makoti. Pesa ya makoti inatoka wapi? Kwenye ile kidogo wanakata. Haba na haba hujaza kibaba.

Zamu: Basi koti hili nimejinunulia mwenyewe.

Askofu: Voilà. Na rangi hukuchagua.

Wakili: Umeishia njiani, Askofu. Mimi nasema hata Annick ni wao.

Zamu: Kwaya ya kanisa?

Wakili: Kwaya ndiyo mbaya zaidi. Uchaguzi bila mtu mwaminifu wa kushindwa hauna sura. Lazima apatikane mmoja anayetembea kwa miguu. Wanamtafuta, wanamwacha atembee, anashindwa, wote wanapeana mikono.

Zamu: Mwenyewe hajui?

Wakili: Akijua atadai nauli.

Askofu: Na marehemu je? Mnamkumbuka Jacques, yule alianguka getini mwaka jana? Namba yake ya simu bado iko hai, iko na mtu mwingine. Ile namba itapiga kura leo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hapa asiyekuwepo ndiye mwenye kura, na aliyepo hana kibali.

Wakili: Sasa nimalizie. Hela yenyewe haipo. Ilishageuka jengo la vioo kule Sandton. Mnailinda usiku, mnalipwa mshahara wa kuilinda, mnakatwa kwenye mshahara huo ili iongezwe ghorofa. Pensheni hakuna, mzee wangu. Kilichopo ni uchaguzi wa pensheni.

Zamu aliitazama simu. Ilikuwa inakaribia saa kumi.

Zamu: Kama haipo, kwa nini wananunua makoti?

Wakili: Ili msiulize.

Zamu: Nataka kuirudisha Uvira ile pesa. Nyumba ya mama haina paa. Sina kitu kingine. Nyinyi mnacheza.

Askofu akamshika goti.

Askofu: Hatuchezi, vieux. Sikiliza. Kama wote wameoza, chukua yule aliahidi. Mkono mtupu haulambwi.

Zamu: Annick aliniangalia machoni.

Wakili: Macho hayaingii benki. Annick atauliza mpaka wamchoke. Wewe utachoka kabla yao. Una mwezi mmoja, nao haujai.

Zamu: Kwa hiyo Égide.

Wakili: Ni mwizi anayekujua jina. Afadhali huyo.

Zamu: Sindano, wewe unasemaje?

Sindano alitikisa kichwa taratibu, amefumba macho.

Askofu: Mwenye birika hana sauti, hata ya kichwa. Bonyeza.

Zamu akabonyeza moja. Simu ikatetema: kura yako imepokelewa, ahsante.

Wakili: Sharp, imekwisha.

Wakati huo kijana mmoja mwenye begi la mgongoni alitoka upande wa msikiti, akasalimia kila mmoja kwa mkono. Alisema anaitwa Bakiri, ametoka Kigoma, ana siku chache mjini na ameelekezwa kwamba hapa hupatikana kahawa na watu wa nyumbani. Wakasogea wakampa nafasi. Ummi akammiminia kikombe. Bakiri akatoa sarafu.

Ummi: Rudisha, mwanangu. Imeshalipiwa.

Bakiri: Ahsanteni sana. Mimi nimelelewa hivi, sinywi kabla ya kumshukuru aliyetoa. Nimshukuru nani?

Wakili na Askofu wakamwonyesha Sindano. Sindano akaondoa mkono shavuni. Shavu lilikuwa limevimba.

Sindano: Miye? Jino linaniua tangu jana. Nimeweka karafuu, siwezi kufungua mdomo. Sijalipa kitu.

Zamu: Wakili?

Wakili: Nilipe halafu niongee vile? Najua sheria ya benchi.

Askofu: Mimi sadaka ni Jumapili.

Zamu: Ummi, mama, nani kalipa?

Ummi: Asubuhi alikuja mtu ana koti kama hilo lako. Akalipia mabirika ya leo yote. Nikamuuliza niseme yametoka kwa nani. Akasema, kwa marafiki tu.

Bakiri: Marafiki gani?

Wakili aligeuka kutazama robot, ile taa ya magari ya njia panda. Ilikuwa kijani, ikawa nyekundu. Askofu alizungusha machicha ya kahawa kwenye kikombe chake. Bakiri alikuwa bado ameshika kahawa mbele ya kifua, anasubiri, mvuke unapungua.

Ummi: Birika jingine liko jikoni. Nilete au nisilete?

Zamu: Lete, mama.

Wakili: Mzee wangu, tunywe tena?

Zamu: Ni langu hilo. Mimi ndiye niliyelipa.

Akafunga zipu ya koti la bluu mpaka kidevuni.

Bakiri: Basi ahsante, mzee.

Ummi alileta birika, akamimina kwa zamu, na aliyelipa alinyamaza mpaka likaisha.