Milango ya Bondeni Aliyoipiga Picha Mzee Dalmas Nyongesa

Ndugu waombolezaji, wazee wa kanisa, majirani wa mtaa wetu wa Bondeni, mzee wetu Dalmas Nyongesa alizaliwa Kimilili mwaka wa 1904, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akafiwa na baba, akaja Nakuru kwa gari la moshi mwaka wa 1927, akaajiriwa kuosha mabehewa, kisha fundi mmoja wa studio ya picha akamfundisha kamera, na mwaka wa 1938 akafungua kibanda chake karibu na soko.

Alimwoa mama yetu Anyango tarehe 14 Juni 1930, wakajaliwa watoto watatu, na kifungua mimba ndiye Nasimiyu anayewasomea haya.

Mwaka wa 1953 majirani Wakikuyu walipoamriwa na serikali kuhama, mzee alipita nyumba kwa nyumba akiwapiga picha mlangoni, na Mama Wamuyu, tuliyepakana naye ukuta, alipoambiwa asogee kamera imwone, alimjibu, Baba Nasimiyu, wewe piga picha mlango, mimi najibeba.

Hili linalofuata mzee mwenyewe alisema lisirukwe. Mwaka wa 1954, siku ya msako, askari wakiwa nyumba ya tatu, Nasimiyu, mtoto wa miezi mitatu mgongoni, aliona picha zile za waliohamishwa zitamfungisha baba yake, akazitia zote kwenye moto wa jiko, na filamu zake, na askari wakapita bila hata kubisha. Mzee alirudi akakuta majivu, akampokea mtoto, akamwambia binti yake aketi. Jumapili iliyofuata akabeba kamera, na Jumapili zote kwa miaka mitatu, akipiga picha milango ileile, mingine ina rangi mpya, mingine imezibwa, mingine ni barabara tu, na nyuma ya kila picha akaandika kwa kumbukumbu nani alisimama pale, alivaa nini, alisema nini.

Kifua kilimbana Februari mwaka huu wa 1958, akalazwa mara mbili, akatutoka Jumanne, tarehe 12 Agosti. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa reli, na majirani mliotuletea kuni na uji.

Picha ni arobaini na mbili, na atakayemwona Mama Wamuyu amwambie mlango wake upo, picha namba kumi na saba. Nasimiyu bado anaogopa msako, hafichi hilo, lakini sanduku la picha hizo liko chini ya kitanda chake, mbali na jiko. Pumzika kwa amani, Baba.