Marieta Akonaay, Aliyelala na Viatu

Padre, wafiwa wenzangu, ndugu mliotoka Mbulu na majirani wa hapa Nangwa. Mimi ni Baltazar, kaka yake marehemu. Naomba wenye simu waziweke chini kidogo. Zamani aliyekufa alisindikizwa kwa macho.

Marieta alizaliwa tarehe 11 Agosti 1953 huko Daudi, Mbulu, mtoto wa tatu wa Mzee Akonaay na mama yetu Bernadina. Alikuwa mwoga tangu utoto. Aliogopa radi, aliogopa fisi, na chemchemi iliyo chini ya nyumba yetu aliiogopa kuliko vyote, kwa sababu bibi alituambia ndani ya maji yale wanakaa wenyewe, pepo wa maji. Akitumwa maji aliimba njia nzima ili wenyewe wajue anakuja, wasishtuke. Siku hizi pale kuna bomba, na hakuna mtoto anayeimba.

Alibatizwa mwaka 1962, akasoma hadi darasa la nne, 1963 hadi 1966. Mimi nilibaki na ng'ombe. Jioni aliandika kwa mkaa kwenye mlango wa zizi la ndama yale aliyofundishwa, nami nikayanakili kwa kidole. Elimu yangu yote ilianzia kwenye ule mlango, na wasifu huu pia.

Tarehe 9 Septemba 1972 alifunga ndoa na Yona Gerald wa hapa Nangwa. Walilima mahindi, maharage na mbaazi. Kila Jumamosi Marieta alifagia kanisa, na hakuna aliyemtuma.

Mei 1975 mtoto wao wa kwanza, Festo, alikufa kwa surua. Vijana hamlijui neno meeta, kwa hiyo nitalieleza. Nyumba iliyofiwa na mtoto ilitengwa. Mama hakuingia kwa jirani, hakuchota maji na wenzake, na ng'ombe wao hawakuchanganywa na wengine mpaka muda upite, maana tuliamini kifo kinamfuata kama harufu. Wengi tulikuwa tumebatizwa. Jumapili tulimkiri Mungu, Jumatatu tulipita mbali na mlango wake. Ulikuwa ukatili, sikatai. Lakini angalau tulikiogopa kifo. Leo tunakikodishia muziki.

Akiwa bado ametengwa, jirani yake Ludovika alishikwa na uchungu mchana, wanaume wakiwa mnadani na wanawake wakiwa mashamba ya mbali. Marieta alifika kwenye mpaka wa shamba, akasimama. Akapaza sauti, "Dada, mimi nina meeta. Nikikushika, mtoto atakufa."

Ludovika akajibu kutoka ndani, "Mtoto hajui meeta, anajua kutoka tu. Njoo, Mama Festo."

Alivuka. Hofu haikuwa imemtoka. Aliniambia alishindwa kuruka mfereji wa mpakani, akapita ndani ya maji. Mtoto alizaliwa salama, akaitwa Rogathe. Kwa muda mrefu, kila Rogathe alipokohoa, Marieta alijifungia kusali, akidhani ndiye aliyempelekea kifo. Rogathe hakufa. Ndiye yule aliyekaa mbele pale, sasa ana wajukuu. Padre anisamehe, lakini marehemu alisema alipobatizwa kule Daudi alipewa jina tu; imani aliipata kwenye ule mfereji.

Jaribu lililofuata mnalijua. Jumamosi tarehe 2 Desemba 2023 Yona alipeleka maharage kwa binamu yake kule Katesh, mvua ikamlaza huko. Asubuhi ya Jumapili mlima Hanang ukashuka. Alipopatikana kwenye tope alikuwa miguu mitupu. Marieta aliitazama miguu ile, hakulia. Alisema tu, "Angekuwa na viatu angekimbia."

Tangu hapo, mvua ikinyesha, alilala na raba miguuni zimefungwa kamba, rozari mkononi, uso umeelekea mlimani. Gaudensia wa jumuiya yake alimkuta hivyo siku moja.

"Shikamoo, Mama Festo. Unasafiri?"

"Marahaba. Nasubiri tiketi."

"Na ukiitwa mbinguni, utaingia na tope hilo?"

"Nitaingia nimekimbia, mwanangu. Wewe utakutwa unatafuta kandambili."

Wapo waliomwambia kwamba Mkristo wa kweli haogopi. Hao ni wasomi wa siku hizi, Biblia wanaisomea kwenye simu. Hakubishana nao. Alisema, "Mimi nimemwambia Mungu naogopa. Hajanifukuza."

Juni mwaka jana madaktari walisema moyo wake umepanuka. Miguu ikavimba, raba zikakataa kuingia, na Rogathe akazikata kisigino kwa kisu ili ziingie. Februari hospitali ilimrudisha nyumbani. Nilipofika nilimwuliza anachoogopa ni nini, tope au kifo. Akasema, "Kaka, naogopa nitafika mbele yake nikiwa bado naogopa."

 

Jumanne tarehe 24 Machi 2026, mchana, ilinyesha mvua kubwa. Bati lilipiga kelele hata tukawa tunasemezana kwa kupaza sauti. Mlima haukuonekana, na mimi nilikuwa nimeshavaa viatu vyangu. Marieta akamwita Rogathe.

"Nivue viatu, mwanangu."

"Mama, mvua inanyesha."

"Naisikia."

Rogathe alimvua, akaziweka raba mlangoni. Marieta akachezesha vidole kama mtoto aliyetoka shule. Alikata roho saa tisa alasiri, mvua ikiwa haijakatika.

Ameacha watoto wawili, Cornel na Judica, wajukuu na vitukuu, mimi kaka yake, na Rogathe ambaye hakumzaa. Raba bado ziko pale mlangoni. Wengine mmeniuliza mbona tunamzika bila viatu wakati ana jozi mpya aliyoletewa kutoka Arusha. Ndiyo sababu nimesoma haya yote.

Mawingu yameshika tena mlima, nami nayaogopa, kwa hiyo tusichelewe. Marieta apumzike kwa amani karibu na Yona wake, miguu mitupu wote wawili.