Rangi ya Ubao kwa Chumba cha Mama

Dada mmoja aliingia kwenye basi amekumbatia kopo la rangi, akaketi mbele yangu, kando ya mzee mwenye suruali iliyojaa madoa ya rangi za kila namna. Mzee alisoma kopo hata kabla ya kusalimu. Ufundi nao ni ugonjwa.

"Hii ni rangi ya ubao, mwanangu. Unafungua shule?"

"Hapana, baba. Ni ya chumba cha mama. Alipata kiharusi, sauti ikapotea. Anaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kubwa, karatasi hazimtoshi. Nataka kumpakia ukuta mzima wa kando ya kitanda."

Mzee akatikisa kichwa. "Weusi wote huo mbele ya mgonjwa? Utamzika angali hai. Paka kipande tu, pale mkono unapofika. Kwingine weka nyeupe, apate mwanga."

Mimi nilikuwa natazama dirishani, masikio yote mawili yakiwa kwao.

"Jana kaandika kwenye shuka, kwa penseli ya wanja," dada alisema polepole. "'Niacheni nijibu mwenyewe.' Mgeni akimuuliza kama amekula, tunadakia sisi. Nataka maneno yake yawe makubwa kuliko yetu."

Mzee alifungua kinywa, na basi likasimama. Dada akaaga, akashuka na kopo lake. Kama ni kipande au ukuta mzima, hakusema.

Mzee alichomoza kichwa dirishani. "Upake mara mbili!" alimpigia kelele. "Chaki ishike vizuri!"